Mama alikwenda ziwani kufuma

Mtu wa Samuye akikukuta mlangoni na mabegi hakuulizi unakwenda wapi. Anakuuliza kuna nini. Majibu yanayopokelewa bila swali la nyongeza hayazidi manne: kuna msiba, kuna mgonjwa, kuna harusi, au kuna kesi. Mwishoni mwa Juni 2025, familia yetu ilipokodi Noah kwenda kukaa siku tano katika kisiwa cha Rubondo, hatukuwa na hata jibu moja kati ya hayo. Jirani yetu mmoja, mama mtu mzima anayejua habari za kaya zote kuanzia kwetu hadi kwenye lami, alimsalimia Mama, "Mwangaluka, mayu," kisha akasimama palepale akisubiri maelezo. Mama akatazama mabegi, akanitazama mimi, akajibu kwa sauti ya mtu anayeomba radhi: "Nakwenda kufuma."

Jirani alicheka mpaka akashika kiuno. Kufuma gani huko kusikofumika hapa, chini ya mwembe?

Wazo lilikuwa la mdogo wangu wa kike, aliyekaa Finland miaka miwili masomoni. Huko, alitusimulia, nchi ya watu wapatao milioni tano na nusu ina nyumba ndogo za mapumziko takriban nusu milioni, nyingi zikiwa kando ya maziwa, msituni. Wanaziita mökki. Kiangazi kikifika familia inafunga nyumba ya mjini, inakwenda kukaa huko wiki kadhaa bila kumtembelea mtu na bila kutembelewa na mtu. Baadhi ya nyumba hizo hazina umeme wala bomba, na wenyewe wanataka ziwe hivyo. Wanachota maji kwa ndoo.

"Wana bomba mjini, halafu wanakwenda kuchota kwa ndoo?" Mama aliuliza.

"Ndiyo, Mama. Ndiyo mapumziko yenyewe."

Mama alinyamaza kwa muda mrefu. Yeye ni mwanamke wa Shinyanga, aliyechimba mchanga wa mto mkavu kwa bakuli akitafuta maji tangu ana miaka saba. Maji ya Ziwa Victoria yalianza kuvutwa kwa bomba kutoka Ihelele, wilayani Misungwi, kuja Kahama na Shinyanga, kwa mradi uliozinduliwa mwaka 2009. Kwake yeye siku aliyofungua kilula na nyanza ikatoka ilikuwa kubwa kuliko siku ya uhuru, ambayo haikumbuki vizuri kwa sababu alikuwa mtoto. Kumwambia kwamba kuna watu wanakimbia bomba ni sawa na kumwambia kuna watu wanalala juani kwa hiari. (Hao nao wapo.)

Lakini nilipofikiri usiku, niliona mdogo wangu amegusa kitu. Sisi tuna likizo, ila hatuna mapumziko. Likizo yetu ni kwenda nyumbani. Mfanyakazi wa Dar es Salaam au mchimbaji wa Geita anapanda basi na sukari, sabuni na vitenge, anafika, anapokewa na orodha ya shida iliyomsubiri tangu Desemba. Mwenyeji naye anakimbiza kuku, anaazima godoro, anaamka saa kumi kuchemsha maji ya kuoga ya wageni. Baada ya wiki mbili wote wamechoka kuliko walivyoanza, na wote wanasema walipumzika. Sasa huyo anayeishi hapohapo nyumbani, ambaye kila mtu anakuja kupumzikia kwake, yeye akapumzikie wapi?

Mama alijifunza kufuma shuleni, katika somo la Sayansi Kimu. Ukiingia sebuleni kwetu unaona matokeo: kila kochi lina kitambaa mgongoni na vingine viwili mikononi, meza ina chake, redio ilikuwa na chake, na ukutani wapo tausi wawili weupe wanaotazamana tangu mimi sijazaliwa. Vyote hivyo kwa sindano moja yenye ndoano. Kwa sindano mbili anafuma kofia na soksi za vichanga, na nadhani nusu ya watoto waliobatizwa kijijini kwetu walivaa kazi ya mikono yake.

Ninachotaka kusema ni kuhusu wakati alioupata wa kufanya hayo. Sikumbuki kumwona Mama amekaa nyumbani mchana anafuma. Alifuma kwenye benchi la kliniki, zamu yetu ikiwa bado watu arobaini. Alifuma kwenye kituo cha chama cha msingi, pamba yetu ikisubiri mizani. Alifuma kituo cha basi. Na alifuma zaidi ya popote pale Kigongo, kwenye foleni ya kivuko cha kwenda Busisi, kila tulipokwenda kwa shangazi Sengerema. Magari yamejipanga, wauza mayai na karanga wanagonga vioo, watu wazima wanalalamika, na Mama ametulia kiti cha dirishani na donge la uzi mapajani. Foleni ya kawaida ilikuwa kofia moja. Foleni ya sikukuu ilikuwa kofia na soksi zake.

Mapumziko ya mama zetu yalijificha ndani ya kusubiri. Hakuna aliyeweza kumwambia mwanamke aliye kwenye foleni kwamba ni mvivu. Amekaa kwa sababu kakalishwa. Na kwa kuwa mikono ina uzi, hata huko kukaa kunahesabika kuwa kazi.

Tarehe 19 Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alifungua daraja la John Pombe Magufuli, Kigongo hadi Busisi, zaidi ya kilomita tatu juu ya Ghuba ya Mwanza. Sisi tulipita siku chache baadaye. Kutoka Samuye tulishika njia ya Shinyanga mjini, Maganzo ya wanunuzi wa almasi, Mabuki, Misungwi, tukakata kushoto Usagara. Kwenye miiba ya migunga kando ya barabara zilinasa nyuzi za pamba zilizodondoka kwenye malori, maana ulikuwa msimu wa kuuza. Watoto wangu wawili walitaka kusimama katikati ya daraja kupiga picha, dereva akakataa, na kabla ubishi haujaisha tulikuwa ng'ambo. Mama alikuwa ndiyo kwanza ametoa sindano kwenye mkoba. Akatazama nyuma, akatazama mbele, akazirudisha.

"Tumeshavuka?"

Sina ugomvi na daraja. Wapo wagonjwa waliofia kwenye foleni ile, na mtu anayeikumbuka kwa mapenzi basi hakuwahi kuipanga akiwa na uchungu wa kuzaa. Ila kila kinachotuokolea muda huwa hakisemi muda ule unakwenda wapi. Bomba lilimpunguzia Mama saa za kutafuta maji, naye akaongeza jaluba la mpunga. Daraja limempunguzia foleni, na naapa hakuna mtu atakayemwambia: haya, ile saa yako ya kukaa, ichukue.

Geita tulipita bila kusimama. Mgodi mkubwa wa pale ulianza uzalishaji mwaka 2000, lakini ukitaka kuona dhahabu inavyofanya watu wasilale, nenda Katoro. Pale tulisimama kununua uzi. Mji umejaa bodaboda, mashine za kusaga chakula na makarasha ya kusaga mawe, spika tatu zinashindana kwenye kona moja, na katikati ya yote hayo kuna duka la mapazia lenye kreti la madonge ya uzi wa rangi zote. Mama alichagua madonge sita ya rangi ya maziwa. Nikasoma karatasi iliyozungushiwa: akriliki, kutoka ng'ambo. Yaani tumetoka Shinyanga, tumepita kati ya malori ya pamba karibu nusu siku, tumeingia Katoro kununua uzi wa plastiki. Kanda ya Ziwa ndiyo inayotoa karibu pamba yote ya nchi hii, inachambuliwa kwenye vinu vyetu, inafungwa marobota, na sehemu kubwa inaondoka hivyohivyo ikiwa pamba nyuzi. Mama hakuona ajabu. Alisema uzi wa pamba ni mzito ukilowa na haurudi ukivutika, huu mwepesi. Fundi amesema, mwandishi wa makala akae kimya.

Kutoka Bwanga barabara inaelekea Chato na Muganza, na mwisho wake kwetu ulikuwa Kasenda, tunapopandia boti. Hapo ndipo ilipobaki kidogo safari ife. Mama aliangalia boti, akaangalia mawimbi ya upepo wa kusi, ambao miezi hii huamka mchana na kulichafua ziwa. Hakuna mtu wa kanda hii asiyemfahamu mtu aliyempoteza mtu, ama MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996, ama MV Nyerere pale karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Alivaa boya, akalikaza, akakagua ya wajukuu mara mbili, na kwa nusu saa nzima hakusema neno. Sindano hakuzigusa. Ndiyo foleni pekee ambayo nimewahi kumwona ameikaa mikono mitupu.

Rubondo haina kijiji. Wakazi waliondolewa miaka ya sitini ilipofanywa pori la akiba, na mwaka 1977 ikawa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 456.8 ukihesabu na maji yake. Sehemu kubwa ni msitu mzito. Hakuna simba. Wapo viboko wanaopanda usiku kula majani karibu na nyumba za wageni, wapo mamba waliolala kwenye mawe kama magogo yaliyosahauliwa, wapo nzohe kwenye matete, na furukombe juu ya kila mti mkavu. Kuoga ziwani hakuna, kwa hao mamba na kwa kichocho. Tulipewa nyumba ndogo pale Kageye, ya kawaida kabisa, kibaraza chake kinatazama maji. Tulikuja na mchele wetu, choroko, na mfuko wa matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Siku ya kwanza Mama aliamka kabla ya jua, akatafuta ufagio. Mhudumu wa hifadhi, kijana mdogo, alimkuta kafagia kibaraza, kafagia njia, anaelekea kibaraza cha jirani.

"Shikamoo Mama. Hiyo kazi ni yangu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe pumzika."

Ilibidi mke wangu aufiche ufagio chini ya kitanda. Mama akahamia kuosha vyombo safi. Saa nne akakaa, akasimama, akakaa, akaniuliza kama wageni wanakuja. Nikamwambia hakuna anayekuja. Akauliza sisi tunamtembelea nani. Hatumtembelei mtu. Nilimwona anatafuta pa kuweka mikono, na nilihisi vibaya kana kwamba nimemleta mahabusu.

Mdogo wangu ndiye aliyemwokoa. Alitoa sindano alizoleta kutoka Finland: mbili fupi zilizounganishwa na mkia mrefu wa plastiki, za kufumia mviringo. Na mchoro wa shali. Shali hiyo ina historia yake. Aliyeitunga ni Elizabeth Zimmermann, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1910 na kuhamia Marekani, mama aliyefuma akiwa kambini, kwenye mtumbwi, hata nyuma ya pikipiki ya mumewe. Mwaka 1974 alichapisha kitabu kiitwacho Knitter's Almanac, chenye kazi moja kwa kila mwezi, na Julai aliipa shali ya mviringo kwa sababu ndio mwezi wa safari: ukishavuka mwanzo, shali haidai akili tena. Mikono inakwenda yenyewe, macho yako huru kutazama ziwa.

Siri yake ni hesabu. Mwenye kufuma kitambaa cha duara kwa ndoano anajua taabu ya kuongeza. Kila mzunguko lazima uongeze vitanzi. Ukiongeza vichache kinajikunja kuwa bakuli, ukizidisha kinakunjamana kama jani la kabichi. Zimmermann alikumbuka alichofundishwa shuleni: umbali kutoka katikati ukiwa maradufu, na mzingo unakuwa maradufu. Kwa hiyo huna haja ya kuongeza kidogokidogo. Unaanza na vitanzi 9, unavifanya 18, unafuma mizunguko mitatu bila kuongeza kitu. Unavifanya 36, mizunguko sita. Kisha 72, mizunguko kumi na miwili. Kisha 144, mizunguko ishirini na minne. Kisha 288, mizunguko arobaini na minane. Kila ngazi ni mara mbili ya ile iliyopita, na kati ya ngazi hakuna la kukumbuka.

Mama alisikiliza akiwa kakunja uso. "Itajikunja," alisema.

"Haijikunji."

"Bila kuongeza mizunguko yote hiyo? Itakuwa kapu."

Na kweli mwanzoni ilikuwa kapu, kofia ya nyani. Mama alikuwa mwenye ushindi hadi jioni. Alipofika kwenye 72 akaiweka mezani, akaibonyeza kwa kiganja, ikalala chini yote. Hakusema kitu. Alivuta kiti mpaka ukingo wa kibaraza, akanyoosha miguu, na kuanzia hapo hatukumsumbua tena.

Siku ya pili nzima, Mama alikaa. Naiandika sentensi hiyo kwa makusudi. Wajukuu walipewa kazi ya kuhesabu mizunguko, wakawa wanaipanga kwa kokoto, wakigombana kama ile ya kumi na nne imeshawekwa au bado. Alikuwa anafuma bila kuangalia, mambo ambayo sijui aliyatoa wapi yakaanza kumtoka. Alitusimulia namna baba yake alivyomkataza kuendelea na shule. Alitusimulia mtoto aliyemzaa kabla yangu, ambaye mimi nimejua tu kwamba alikuwepo. Aliongea akitazama maji, bila kugeuka, na vidole havikusimama. Mke wangu aliniambia baadaye kwamba kwa miaka kumi na mmoja ya ndoa hakuwahi kumsikia mama mkwe wake akimaliza hadithi. Siku zote kuna mtu anabisha hodi katikati.

Asubuhi ya siku ya tatu tulitembea na askari wa hifadhi kwenda kutafuta sokwe. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Shirika la Wanyama la Frankfurt, chini ya Profesa Bernhard Grzimek, liliachia hapa sokwe waliokuwa wamefungiwa kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Faru walioletwa miaka ya sitini walimalizwa na majangili. Sokwe walibaki, wakazaana, wakarudia ukoo wa msitu. Sisi hatukuwaona, tuliwasikia tu mbali. Tulichoona ni viota vyao vya jana, juu kwenye mti: matawi yamekunjwa, yamepishanishwa, yamelazwa majani juu. Askari alieleza kwamba kila jioni sokwe hujitengenezea kitanda kipya, kazi ya dakika chache, hata kama cha jana kipo mti wa pili.

Mama aliangalia juu kwa muda. "Kumbe na hawa wanafuma ili wapumzike," alisema. Halafu akaongeza, "Ila kazi yangu haijalaliwa na mtu siku moja ikatupwa."

Usiku uliotangulia mwezi ulikuwa bado mchanga, na ng'ambo kabisa, nje ya mipaka ya hifadhi, taa za wavuvi wa dagaa zilikuwa zimetanda upeoni kama mji ambao mchana haupo. Mwezi ukikua wavuvi hao hukaa, maana dagaa haji kwenye taa mbalamwezi ikiwa kali. Mama aliposikia hivyo alicheka: kumbe kuna watu ambao likizo yao inapangwa na mwezi na hakuna jirani anayewauliza.

Mchana huo wa siku ya tatu simu yangu ilishika mtandao. Jumbe saba ziliingia kwa mkupuo, na wa sita ulikuwa wa msiba. Mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, aliyemfundisha baba yangu kuswaga ng'ombe. Mama alisimama, akafunga kitenge, akataka boti saa ileile. Lakini kusi lilikuwa limeamka, mawimbi yanapiga vichwa vyeupe, na nahodha akasema hakuna safari mpaka alfajiri. Mama alibishana naye kwa heshima zote, akashindwa. Akarudi kibarazani. Alikaa huku amevaa kitenge cha safari, mkoba begani, kama mtu wa kituo cha basi. Baada ya dakika kumi akatoa sindano. Alikuwa ameshavuka kwenye 288.

Niliona mabega yake yanashuka. Alikuwa kwenye foleni tena.

Tulifika Samuye siku iliyofuata jioni. Mzee alikuwa ameshazikwa, matanga bado. Mama hakuingia kwetu. Aliteremkia msibani na mkoba wake, akaenda kukaa mkekani kati ya wanawake. Nilipopita usiku kuuliza kama anahitaji blanketi, nilimkuta chini ya taa, shali imejaa mapajani kama mbuzi aliyelala, na yule jirani yetu aliyecheka siku ya kuondoka yuko pembeni anaipapasa ukingo.

"Na hii inaishia wapi, mayu?"

"Bado mizunguko thelathini na saba," Mama alisema. "Shika donge hapo, lisiviringike."